Nyaraka za Marekani kuhusu Kongo: huduma bora iliyochelewa mno

Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina ofisi ya wanahistoria ambayo kazi yake kuu ni kuchapisha kumbukumbu rasmi za sera ya nje ya nchi hiyo: telegramu za mabalozi, mihtasari ya vikao vya Ikulu, maandiko ya mawaziri na, katika majuzuu ya miongo ya karibuni, mawasiliano ya shirika la ujasusi la CIA. Mfululizo huo ulianza mwaka 1861, wakati wa Rais Abraham Lincoln, na leo unasomwa bure katika tovuti ya history.state.gov. Katika tathmini hii ninaipima huduma hiyo kwa kutumia juzuu moja tu, lile la Kongo (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) la mwaka 1960 hadi 1968, lililotolewa Desemba 2013. Nimelichagua kwa sababu linahusu jirani yetu, na kwa sababu linaonyesha, kwa maandishi ya wahusika wenyewe, jinsi taifa lililojitangaza kuwa mlinzi wa uchaguzi huru lilivyomlea mtawala aliyekuja kuufuta uchaguzi huo.

Kwa upande wa matumizi, sina malalamiko makubwa. Msomaji haombwi kujisajili, halipi chochote, na hasumbuliwi na matangazo. Kila waraka una ukurasa wake na namba yake, na juu yake huelezwa nani alimwandikia nani, lini, kutoka mji gani, na ulikuwa na daraja gani la usiri. Mwanzoni mwa juzuu kuna orodha ya vifupisho na orodha ya watu, na tanbihi zinamweleza msomaji waraka asilia umehifadhiwa wapi. Juzuu zima linaweza kupakuliwa kama kitabu cha kielektroniki na kusomwa kwenye simu bila kumaliza bando, jambo ambalo kwa mwalimu wa historia aliyeko Kigoma au Lubumbashi si dogo hata kidogo. Zamani, mtu aliyetaka kuona karatasi za aina hii alilazimika kusafiri hadi hifadhi ya taifa ya Marekani iliyoko College Park, Maryland, na hata akifika angekuta nyingi kati ya hizi bado zimefungiwa.

Thamani kubwa ya juzuu hili ni mfuatano wa nyaraka zake. Serikali ya Waziri Mkuu Patrice Lumumba ilitokana na uchaguzi wa Mei 1960, ambao chama chake kilipata viti 33 kati ya 137 na kuvipita vyama vingine vyote. Uhuru kutoka kwa Ubelgiji ulipatikana tarehe 30 Juni. Jeshi likaasi baada ya siku chache, jimbo la Katanga likajitenga, na mwishoni mwa Julai Lumumba alikwenda Washington kuomba msaada, akarudi bila kuonana na Rais Eisenhower. Kufikia mwishoni mwa Agosti, Allen Dulles, mkurugenzi wa CIA, alikuwa amekiandikia kituo chake cha Léopoldville (leo Kinshasa) kwamba kumwondoa Lumumba ni lengo la dharura na la kwanza. Telegramu hiyo ilifahamika tangu mwaka 1975, pale kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilipochunguza njama za mauaji ya viongozi wa nje, na ni kamati hiyo iliyoeleza pia jinsi mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb, alivyopeleka sumu Léopoldville mwezi Septemba, sumu ambayo haikutumika. Ndani ya juzuu, hata hivyo, telegramu ya Dulles haisimami peke yake. Msomaji anafuata hofu ya Washington juu ya Ukomunisti ikipanda wiki baada ya wiki, anaona Rais Kasavubu akimfukuza Lumumba tarehe 5 Septemba, na anamwona Kanali Mobutu wa jeshi la Kongo akitwaa madaraka tarehe 14 Septemba, wakati serikali iliyochaguliwa ilikuwa haijatimiza miezi mitatu.

Wengi watalifungua juzuu hili wakitafuta habari za kifo cha Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Elisabethville (leo Lubumbashi), na watakuwa wamepita kando ya jambo lenye uzito zaidi. Kamati ya Church haikupata ushahidi kwamba Marekani ilishiriki katika mauaji yenyewe. Kilichojaa katika juzuu ni kazi ya kila siku ya kununua siasa za nchi nyingine, kazi iliyoendelea kwa takriban miaka 7: fedha za Mobutu, fedha za kundi la Binza, washirika wa Mobutu waliokuwemo Justin Bomboko na Victor Nendaka, na fedha za wabunge. Nilitumia muda mrefu kwenye nyaraka za kiangazi cha mwaka 1961, wakati wabunge wa Kongo walipokusanywa katika Chuo Kikuu cha Lovanium ili wamchague waziri mkuu. Kwa macho ya ulimwengu, huo ulikuwa ushindi wa utaratibu wa kibunge. Cyrille Adoula alichaguliwa, na Washington ikausifu uamuzi huo kuwa wa Wakongo wenyewe. Kwa siri, fedha za CIA zilikuwa zimepita kwa wabunge ili matokeo yawe hayo. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba kura ni sauti ya raia hawezi kuzisoma kurasa hizo bila kuumia, kwa maana taratibu zote za demokrasia zilifuatwa na kilichokuwa ndani yake kikachukuliwa.

Ningemshauri msomaji alitumie juzuu hili sambamba na juzuu la awali la mfululizo huohuo kuhusu miaka ya 1961 hadi 1963. Humo kuna kumbukumbu ya mazungumzo ya tarehe 31 Mei 1963, ambapo Rais Kennedy alimkaribisha Mobutu Ikulu na kumwambia kwamba bila yeye mambo yote yangeporomoka na Wakomunisti wangeitwaa nchi. Kennedy huyo ndiye aliyeapishwa tarehe 20 Januari 1961, siku 3 baada ya Lumumba kuuawa na kabla ulimwengu haujatangaziwa kifo hicho, na katika hotuba yake aliyaahidi mataifa mapya kwamba ukoloni hautaondoka ili tu nafasi yake ichukuliwe na udhalimu mkali zaidi. Sina shaka kwamba aliimaanisha ahadi hiyo, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu miaka 2 baadaye alikuwa akimshukuru kwa moyo uleule mwanajeshi ambaye mwaka 1965 angeipindua serikali kwa mara ya pili na kutawala hadi Mei 1997.

Sasa nije kwenye kasoro, na ya kwanza ni nzito. Huduma hii imewahi kuwadanganya wasomaji wake kwa kunyamaza. Mwaka 1989 ilitoa juzuu la Iran la miaka ya mapinduzi dhidi ya Waziri Mkuu Mohammad Mossadegh ambalo halikuonyesha mkono wa CIA, na wanahistoria wakapaza sauti kiasi kwamba mwaka 1991 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayotaka kumbukumbu hizi ziwe kamili, sahihi na za kuaminika, na zitolewe ndani ya miaka 30. Juzuu la marekebisho kuhusu Iran lilitoka mwaka 2017. Lile juzuu la awali la Kongo, lililotolewa mwaka 1994, nalo liliziacha nje operesheni za siri, na hili la mwaka 2013 lilikuja kuziba pengo hilo miaka 45 baada ya tukio la mwisho linalolihusu. Mobutu alikuwa ameshafariki Rabat miaka 16 nyuma, na Larry Devlin, mkuu wa kituo cha CIA aliyeandika sehemu kubwa ya telegramu hizo, naye hakuwa hai tena. Hata hivyo bado kuna mabano yanayotaja mistari iliyozuiwa, na mara nyingi mabano hayo yanakaa pale ambapo lingekuwepo jina la mpokeaji au kiasi cha fedha. Raia wa Marekani aliyepiga kura mwaka 1964 hakuweza kuihukumu sera hii, kwa kuwa hakuijua. Mjukuu wake ndiye anayeisoma.

Kasoro ya pili ni kwamba Wakongo wanasikika humu kwa vinywa vya watu waliokuwa wakiwalipa au wakiwapinga. Wapiganaji wa Simba, waasi walioiteka Stanleyville (leo Kisangani) mwaka 1964, wengi wao wakizungumza Kiswahili, wanaonekana kama tishio la kudhibitiwa kwa ndege na marubani wa Kikuba waliokodiwa na CIA, na malalamiko yaliyowafanya washike silaha hayapewi nafasi ya kutosha. Isitoshe, maelezo yote ni ya Kiingereza, lugha ambayo Wakongo wengi hawaisomi.

Wapo watakaosema kwamba juzuu lenyewe linaonyesha hofu ya kweli ya vita baridi, na wana haki. Ninakubali kwamba hofu hiyo inaeleza maamuzi ya wiki za mwanzo. Haielezi kwa nini Mobutu alikuwa bado mgeni wa heshima wa Rais George Bush Juni 1989, akisifiwa kuwa mmoja wa marafiki wenye thamani kubwa, wakati umaskini wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na utajiri wake yeye ulikuwa unajulikana kila mahali.

Pamoja na hayo yote, ninaipendekeza huduma hii kwa walimu, wanafunzi wa vyuo na waandishi wa habari bila kusita, kwa kuwa ni serikali chache zinazochapisha ushahidi dhidi yao zenyewe. Anayeanza asome kwanza orodha ya watu, kisha nyaraka za Agosti na Septemba 1960 kwa mfuatano, halafu zile za Lovanium, na aziweke kando ya ripoti ya Seneti ya mwaka 1975 na ya uchunguzi wa Bunge la Ubelgiji wa mwaka 2001. Kwa ofisi yenyewe nina ombi moja: mihtasari ya juzuu hili itolewe kwa Kifaransa, Kilingala na Kiswahili, kwa sababu watu ambao kura zao za mwaka 1960 zilibatilishwa wana haki ya kuisoma habari hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote.