Nilitafuta bukari mu kamusi

Nianze na bukari juu kila kitu kilianzia pale. Kazi yangu ni kutafsiri, mtu analeta karatasi ya Kifaransa, ya chanjo, ya maji, ya uchaguzi, mimi naiweka mu Kiswahili, ananilipa (ao ananizungusha miezi mbili halafu njo ananilipa). Basi kuna siku niliandika afishi ya chakula ya batoto wadogo, Kamusi ya Kiswahili Sanifu iko pembeni, nikaandika "ugali", nikaandika "kisamvu", nikajiona kweli leo nimeandika kama mtu mwenye kusoma. Mbele ya kuichapisha tukaenda kuijaribu ku soko ya Kenya, ile commune ya kwetu Lubumbashi, si inchi ya Kenya. Mama mmoja muuza makala (mkaa) akaisoma kwa sauti, pole pole, akafika pa "kisamvu" akasimama. "Yaya, hii kisamvu ni dawa?" Nikamwambia ni sombe. Akacheka mpaka akajishikilia ku mfuko ya makala. "Na ugali njo bukari? Sasa si ungeandika bukari!"

Tangu ile siku nanunuaka mabuku ya lugha vile wengine wananunuaka viatu, na juu watu wananiulizaka kila mara wanunue gani, leo niseme yote mara moja.

Ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu sina ugomvi nayo. TUKI, ile Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, waliitoa 1981, wakairudilia 2004, tena 2013, na kama unaandika barua ya kazi ao habari ya radio yenye itasikilizwa mpaka Kigoma, nunua hiyo usisite. Mi napenda vile inapanga kitenzi, unafungua "piga" unakuta kt, halafu mkia mzima unafuata, (tde) pigia, (tdn) pigana, (tdw) pigwa, na neno likiwa limetoka kwa Waarabu wanakuwekea Kar, likitoka India wanakuwekea Khi. Mwanzo itakutesa kidogo, juu maana ya zile alama iko mu kurasa za mbele, na kama ulinunua fotokopi yenye haina zile kurasa, pole sana. Kwetu shida yake ni ingine. Maneno yetu mengi haiyajui, na mengine inayajua vingine. Tafuta "makala": itakuambia ni maandishi ya gazeti. Kwa hiyo yule mama yangu wa Kenya, kufuatana na kamusi, anauzaka magazeti kwa mfuko.

Kwa sisi wenye kufikiri nusu kwa Kifaransa wakati wa kuandika, Dictionnaire swahili-français ya Alphonse Lenselaer, wachapishaji ni Karthala, 1983, njo inarahisisha kazi. Ya kwangu nilinunua kwa bwana mmoja mwenye anatandikaka vitabu chini pa trotwari, dola 15, haina jalada, akaniapia kwa jina ya mama yake iko kamili. Kufika nyumbani nakuta inaishia mu T. Sina U, sina V, sina W, sina Z, yaani nikitaka kuzaa ao kuzeeka lazima nitafute msaada kwa majirani. Hiyo si kosa ya Lenselaer. Yeye anakupa maana kwa Kifaransa bila kukuzungusha, ila ni mtu wa 1983, mambo ya intaneti na ya kutuma feza kwa telefone usimuulize. Ukiiona na Z yake ndani, chukua.

Kuna na mkubwa wao wote, padri Charles Sacleux, diksionere yake ilianza kutoka Paris 1939, zaidi ya kurasa 1,000. Huyu padri alikuwa pia mtu wa mimea, kuna mpaka jamii moja ya mimea wanaiita Sacleuxia kwa jina yake, kwa hiyo ukitafuta jina ya mti usishangae akikupa na Kilatini. Niko nayo kama pdf, inapasha telefone moto. Moyo wake uko pwani, Unguja na Mombasa, mi naifungua tu pale nabishana na mtu.

Sasa ile nilikuwa nangojea: Le swahili de Lubumbashi, ya Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa, Karthala tena, 2014. Gramere, matini na maneno mu buku moja. Ku trotwari sijaiona hata siku moja, binamu yangu aliniletea toka Bruxelles na mpaka leo ananikumbushaka bei. Niseme ukweli, gramere ni kavu, imeandikwa kwa walinguisti, mimi niliisoma na biki mkononi na mara mbili nililala juu yake. Halafu nikafika mahali wanapanga mambo yetu, bantu na batoto, "iko", "minaenda", na yote inaelezwa kama kanuni, hakuna mahali wanasema tunakosea. Sikulala tena.

Juu mu shule ya msingi tulikuwa na mwalimu mmoja ile -aka yetu ya mwisho wa kitenzi, ya jambo la kila siku, alikuwa anaikataka na biki nyekundu. Unaandika "baba anakunywaka chai", anapiga mustari, anaandika HUNYWA pembeni kwa herufi kubwa, sauti yake nzima iko mu ile HUNYWA. Miaka imepita njo nakuta jina ya Meeussen, yule mlinguisti Mbelgiji wa Tervuren, mwenye 1967 alitoa kazi yake ya kujenga upya gramere ya Kibantu cha zamani kabisa, na pale karibu na mwisho wa kitenzi, kabla tu ya irabu ya mwisho, ameweka -ag-. Wanyarwanda bado wako nayo, -aga. Watanzania pia, wakiwa nyumbani wanasema "nakulaga", "nasemaga", wageni wakiingia wanaificha. Nilitaka nimpigie mwalimu telefone siku ile ile.

Kama unataka kujua ilikuwaje tukasema hivi, hapo ni mwanaantropolojia Johannes Fabian, Language and Colonial Power, 1986, Kingereza tupu na sentensi zake ni ndefu kuliko zangu. Mi nilizoea kusikia Kiswahili kilifika kwetu na biashara ya akina Tippu Tip, basi, hadithi imekwisha. Fabian anakurudisha ku kampuni na serikali. Treni ilifika hapa 1910 ikitokea kusini, ku Rhodesia, na wafanyakazi wengi wa kwanza walitokea kule kule na Kibemba chao, na migodini kulikuwa ile lugha ya kuamrisha toka Afrika Kusini. Wabelgiji waliogopa Waingereza wasije wakawachukulia mji kwa mdomo, njo wakasukuma Kiswahili. Halafu Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, wakaanza kuchukua watu Kasai, Maniema, Rwanda, Burundi, na hawa wote lazima wasikie "leta" na "toka" kwa lugha moja. Nkambo (babu) yangu alikuwa mmoja wao, kwa hiyo hizo kurasa nilizisoma kama barua ya familia.

Lakini ningekuwa na siku moja tu ya kusoma, mabuku yote hayo ningeyaacha nichukue Vocabulaire de Ville de Elisabethville (Elisabethville njo jina ya zamani ya Lubumbashi), na ile ni bure, iko ku intaneti. André Yav aliiandika 1965 kwa niaba ya wazee waliokuwa maboi ya wazungu, ikapigwa ku mashini. Jina inasema ni msamiati, kumbe ni historia ya mji mzima vile ilionekana toka jikoni. Ukiifungua utasema huyu mtu hajui kuandika, maneno yanakatwa pasipo pake, nukta ukiitaka haiko. Fabian aliichapisha na tafsiri 1990, na ilibidi kwanza mtu wa hapa, Kalundi Mango, aisome kwa sauti njo ikafunguka.

Basi nami nikatoa kurasa ku karatasi, nikapeleka kwa mzee jirani, macho hayaone tena vizuri, nikaanza kumsomea. Mara tatu ananisimamisha. "Hapana, hapo usipumue. Endelea." Nikaendelea bila pumzi na kweli sentensi ikakaa sawa, akaanza kutikisa kichwa kama mtu mwenye kusikia jina ya rafiki yake. Nilimuachia ile fotokopi jioni moja tu. Ni miezi minne sasa, kila nikiiomba ananiambia mjukuu bado hajamaliza kumsomea.