Google Scholar kwa anayefuatilia utafiti wa virusi vya muhogo akiwa Mtwara

Huduma ya Google Scholar, inayotafuta maandishi ya kitaaluma mtandaoni, ilianzishwa Novemba 2004, na tangu mwaka 2011 mtafiti yeyote anaweza kufungua humo ukurasa wa wasifu unaoorodhesha machapisho yake na kuonyesha yametajwa mara ngapi na wengine. Hapa Mtwara, wanafunzi wa kilimo na maafisa ugani ninaofanya nao kazi huikimbilia hiyo kwanza wanapotaka kujua nani ni nani katika utafiti wa virusi vya mimea. Mapitio haya nimeyaandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya kila mtu wa Mtwara au Lindi anayesoma kazi za watafiti kwa simu na bando, akiwa mbali na maktaba kubwa. Nimeipima huduma hii kwa jambo linalotugusa wenyewe, yaani ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo (kwa Kiingereza cassava brown streak disease), ambao madhara yake tunayaona sokoni kila msimu. Muuzaji hukata muhogo mbele ya mnunuzi ili nyama yake ionekane, na mabaka makavu ya kahawia yakijitokeza, muhogo huo haununuliwi tena, hata kama shina lake lilisimama shambani likiwa limenawiri na majani yake ya juu yakiwa ya kijani kabisa.

Ukurasa wa mtafiti ni mwepesi na hufunguka hata mtandao unapokuwa dhaifu, jambo ambalo kwetu si dogo. Upande wa machapisho, kila makala ina jina lake, waandishi wake, jarida, mwaka, na idadi ya kazi nyingine zilizoitaja. Pembeni yake kuna jumla ya kutajwa kote, grafu ya kutajwa kwa kila mwaka, na vipimo viwili. Cha kwanza ni kipimo cha h, kilichopendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch: mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 20. Cha pili huhesabu tu makala zilizotajwa mara 10 au zaidi. Vyote huonyeshwa kwa maisha yote ya mtafiti na kwa miaka ya karibuni peke yake, na huo mgawanyo wa pili ndio ninaowahimiza vijana kuutazama, kwa sababu humtofautisha mtu ambaye kazi zake bado zinatumika leo na yule aliyevuma zamani.

Hata hivyo, thamani kubwa ya huduma hii naiona katika kitu ambacho wengi hukipita bila kukibofya, nacho ni ile namba ndogo chini ya kila makala inayofungua orodha ya kazi zote zilizoitaja. Mtu akianza na ripoti ya H. H. Storey ya mwaka 1936, iliyoandikwa akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara na ambayo ndiyo iliyoueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza, atafika kwa R. F. W. Nichols, ambaye mwaka 1950 alieleza dalili zake, eneo lake la pwani na uhusiano wake na mwinuko wa ardhi. Akibofya tena waliomtaja Nichols atakutana na makala ya Hillocks, Raya na Thresh ya mwaka 1996, ambayo ilifanyiwa kazi kusini mwa Tanzania na inahoji swali ambalo kila mkulima wa Newala au Masasi hujiuliza, yaani kama dalili za jani na shina zinaweza kumwambia mtu hali ya muhogo ulio chini ya ardhi. Makala nyingine ya Hillocks na wenzake, ya mwaka 2001, ilionyesha kuwa katika aina zinazoathirika zaidi uzito wa mihogo unaweza kupungua hadi asilimia 70. Mwaka huohuo wa 2001 kundi la Monger lilisoma sehemu ya jeni ya protini ya ganda la virusi hivi, miaka 65 baada ya Storey. Mwaka 2005 kundi la Maruthi likaonyesha kwamba inzi weupe ndio wanaovisambaza. Mwaka 2009 Deusdedith Mbanzibwa, Mtanzania, pamoja na wenzake walionyesha kuwa virusi vya pwani ya Bahari ya Hindi vinatofautiana kijenetiki na vile vya bonde la Ziwa Viktoria, na mwaka 2010 kundi la Winter likaonyesha kuwa hizo ni spishi mbili. Mnyororo mzima huu unapatikana kwa kubofya tu, bure, na sijui njia nyingine iliyo rahisi kama hii ya kumwezesha kijana wa cheti au stashahada kuona namna elimu inavyojengwa juu ya elimu iliyotangulia.

Penye namba tupu, lakini, ndipo msomaji anapopaswa kuwa mwangalifu, na hapa nitakaa kidogo.

Ugonjwa huu umekuwa ukila muhogo wa pwani yetu tangu enzi za ukoloni, lakini kwa miongo mingi baada ya Nichols uliandikiwa kwa nadra. Kazi nyingi zilizomtaja zimeandikwa baada ya mwaka 2000, na ongezeko hilo lina sababu inayojulikana. Kuanzia mwaka 2004 ugonjwa ulionekana upya Uganda, katika maeneo ya mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 ambako awali haikudhaniwa kuwa ungeweza kushamiri, na taarifa ya Alicai na wenzake ya mwaka 2007 kuhusu tukio hilo ikawa miongoni mwa makala zinazotajwa mno katika uwanja huu. Kutoka hapo watafiti waliongezeka, fedha ziliongezeka, na idadi ya kutajwa ikapanda pamoja nazo. Anayesoma grafu ya mtafiti wa muhogo bila kujua historia hii anaweza kudhani kwamba kazi za kabla ya hapo zilikuwa dhaifu, ilhali ni kwamba ugonjwa wa Mtwara, Lindi na pwani ya Msumbiji ulikuwa bado haujawatia hofu walio mbali.

Aina ya makala nayo huamua mengi. Mwaka 2011 Scholthof na wenzake walichapisha orodha ya virusi 10 vya mimea vilivyopigiwa kura kuwa muhimu zaidi kisayansi na kiuchumi, na makala hiyo imetajwa zaidi ya mara 1,000, kwa kuwa kila anayeandika utangulizi wa tasnifu kuhusu virusi vya mimea huiona inafaa kuitaja. Virusi vya batobato ya tumbaku vimeshika nafasi ya kwanza, na virusi vya batobato ya muhogo wa Afrika, ugonjwa mwingine wa zao hili, vimo. Virusi vya michirizi ya kahawia havimo. Linganisha na makala ya Masumba na wenzake ya mwaka 2017, iliyotafuta sehemu za jinomu (seti nzima ya vinasaba) ya muhogo zinazobeba ukinzani kwa kuzalisha chotara wa Namikonga na Albert, aina mbili zinazojulikana kwa wakulima wa Tanzania, ya kwanza ikiwa inastahimili michirizi na ya pili ikiathirika vibaya, huku majaribio ya shambani yakifanyika Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara, na Chambezi, karibu na Bagamoyo. Kazi ya namna hiyo hudai misimu ya kupanda, kung'oa na kukata muhogo mmoja baada ya mwingine kukagua mabaka, na haiwezi kufikia hata robo ya kutajwa kwa orodha ile. Mimi, nikiulizwa ipi ina uzito zaidi kwa mkulima wa Tandahimba, sisiti kutaja ya pili.

Kuhusu usahihi wa hesabu, msomaji ajue kuwa Google Scholar huchukua karibu kila kitu kinachofanana na maandishi ya kitaaluma, zikiwemo tasnifu, ripoti, sura za vitabu na nakala ambazo hazijapitiwa na wahakiki. Ndiyo maana namba zake huwa kubwa kuliko za Scopus au Web of Science, hifadhidata zinazochagua zaidi machapisho ya kuhesabu, kwa mtafiti yuleyule. Kwetu upana huo una faida, kwa sababu ripoti ya kituo cha utafiti au tasnifu ya chuo cha Tanzania ikimtaja mtu, inahesabika. Una hatari pia: mwaka 2010 mtafiti wa Ufaransa, Cyril Labbé, alibuni mwanasayansi asiyekuwapo aliyemwita Ike Antkare, akatunga makala bandia zinazotajana, na mtu huyo wa kubuni akapata h ya 94. Aidha, mtambo hukusanya makala kwa kufananisha majina, kwa hiyo watu wawili wenye jina la ukoo moja na herufi ya kwanza moja wanaweza kuchanganywa, na mtafiti aliyeandikwa kwa tahajia mbili anaweza kugawanywa. Mwenye wasifu anaweza kurekebisha mwenyewe. Asipofanya hivyo, kosa hubaki hadharani.

Kikwazo kinachouma zaidi kwa mtu wa huku ni kwamba huduma humwonyesha makala bila kuhakikisha kuwa ataisoma. Pale ambapo nakala ya wazi ipo, kiungo chake hutokea upande wa kulia wa matokeo, na hivyo makala ya Joseph Ndunguru na wenzake ya mwaka 2005 kuhusu utofauti wa virusi vya batobato nchini Tanzania, iliyotoka katika Virology Journal, inasomeka yote bila malipo. Nyingine zimefungwa, na bei ya makala moja mara nyingi hupita dola 30, fedha ambayo mwanafunzi hana. Machapisho ya zamani ya Afrika Mashariki ndiyo yenye hali mbaya kuliko yote, kwa kuwa mengine hutokea kama jina tu, bila kiungo, yakijulikana kwa sababu wengine wameyataja.

Kwa kuzingatia yote hayo, naipendekeza huduma hii kwa moyo mmoja kama njia ya kufuata hoja kutoka makala hadi makala, na siipendekezi hata kidogo kama mizani ya kupanga watafiti nani mkubwa na nani mdogo. Wenye kuajiri au kupandisha vyeo wasome angalau makala tatu za mtu kabla ya kutazama h yake. Vijana watafiti wa Naliendele wafungue wasifu kwa barua pepe ya taasisi, waandike jina lao kwa namna moja katika kila chapisho, na waondoe makala zisizo zao. Afisa ugani naye aweke humo ombi la taarifa (alert) kwa maneno kama jina la kisayansi la muhogo, Manihot esculenta, pamoja na jina la ugonjwa kwa Kiingereza, na kila makala mpya itakayotoka itamfikia kwenye barua pepe akiwa Nanyumbu, Ruangwa au Kilwa.