Darasa la jioni la mitandao Arusha: DORA wanaiimba, 169.254 imewashinda

Mwalimu wa mitandao akikuthibitishia DHCP (huduma inayozigawia kompyuta anwani za mtandao) kwa ping (kuigongea anwani fulani uone kama itajibu), chukua daftari lako, shuka ngazi, panda kifodi cha Sakina urudi nyumbani. Ada sahau.

Kituo sikitaji. Kiko ghorofani katikati ya mji, si mbali na Mnara wa Saa, na waliopita pale watakijua wakifika aya ya tatu. Wanaandaa watu kwa mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco. Mambo ya idadi ya maswali na gharama ya mtihani mtayatafuta wenyewe, yako kila mahali. Mimi nina neno moja tu, kuhusu jinsi wanavyofundisha huduma za mtandao: DHCP, DNS (inayogeuza majina kuwa anwani), NTP (inayolinganisha saa), syslog (inayokusanya logi, yaani kumbukumbu za matukio) na wenzake. Kwenye mtihani mada hiyo ina uzito wa asilimia 10, basi wao wameipa jioni tatu na wimbo wa namba za poti, zile namba zinazotambulisha kila huduma. Wanasahau kwamba DHCP hiyo hiyo inarudi kwenye mada ya ulinzi, yenye asilimia 15, na kwamba ukiajiriwa, simu ya kwanza utakayopigiwa ni ya mtu asiyepata anwani.

Sasa kisa chenyewe. Ilikuwa wiki ya pili au ya tatu, masika yamekolea. Mezani kuna ruta moja, swichi mbili, VLAN 10 na VLAN 20 (mitandao miwili iliyotengwa ndani ya swichi hizo hizo), na seva ya DHCP imekaa kwenye mtandao wake peke yake, 192.168.50.5. Kompyuta zote za VLAN 20 zinaonyesha anwani inayoanza na 169.254. Maana yake haina mjadala: kompyuta imeomba, haikujibiwa, ikajipa anwani yenyewe. Mwalimu akaipa mojawapo anwani kwa mkono, 192.168.20.9, akaiping seva, majibu yakarudi. Akatugeukia: "Mmeona? Mtandao uko sawa. Windows ndiyo inasumbua."

Mazungumzo ya DHCP yana hatua nne, Discover, Offer, Request, Acknowledge, kwa kifupi DORA. Nikauliza: "Mwalimu, kama uko sawa, mbona DORA haivuki hata D?"

"Dogo, umekuja kufaulu mtihani au kufungua kampuni ya simu? Kariri poti 67 na 68 za DHCP, twende."

Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ndicho kinachoniuma.

Ping ile haikupima chochote kinachohusika. Ping inakwenda kwa anwani moja inayojulikana, kwa hiyo ruta inaipitisha bila neno. Ombi la kwanza la DHCP, yaani Discover, halina wa kumwendea. Linatoka 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255, linapigwa kama mbiu ndani ya VLAN nzima, likifika kwenye ruta linafia hapo, kwa sababu ruta haivushi mbiu kwenda mtandao mwingine. Dawa ni mstari mmoja, ip helper-address 192.168.50.5, na unaandikwa kwenye poti ya ruta (hapa ni mlango wake, si namba ya huduma) inayosikia kelele za wateja, yaani kompyuta zinazoomba, hapa G0/0.20. Mwalimu aliuandika G0/1, inayotazama seva. Wengi hukosea hapo, maana jina lenyewe linakushawishi uweke msaidizi karibu na seva. Ukikaa mahali pake, ruta inalidaka ombi, inaandika anwani yake ya upande wa VLAN 20, 192.168.20.1, kwenye sehemu inayoitwa giaddr, halafu inalipeleka moja kwa moja kwa seva. Seva inasoma giaddr ndiyo ijue itoe anwani kutoka fungu lipi. Fungu la 192.168.20.0 lisipokuwepo, kimya. Seva isipokuwa na njia ya kurudi VLAN 20, kimya vilevile, ila hapo hata ping ingegoma. Hiyo ndiyo faida pekee ya ping ya mwalimu.

Kazi yote ni dakika mbili. Show running-config interface G0/0.20, unaona helper haipo, unaiandika, unaifuta kule G0/1, unakwenda kwenye kompyuta na ipconfig /release kisha ipconfig /renew. Watu walikuwa kwenye chai nilipofanya hivyo. Waliporudi anwani zipo, naye akasema, "Si niliwaambia ni Windows?"

Angalau angekuwa anakosea hapo tu. Kwenye mazoezi ya kugeuza ruta yenyewe iwe seva ya DHCP, madesa yao hayana ip dhcp excluded-address hata sehemu moja. Amri hiyo inaandikwa nje, kabla hujaingia kwenye fungu, na ndiyo inayozilinda anwani ulizokwisha kuzigawa kwa mkono. Ruta ya Cisco ina ustaarabu wa kuiping anwani kabla ya kuitoa. Lakini printa iliyozimwa haijibu ping. Anwani yake inapewa laptopu ya mtu, asubuhi printa inawashwa, wawili wanagombea anwani moja na ofisi nzima inalalamika wino.

Halafu tukafika DHCP snooping, ulinzi wa swichi dhidi ya seva bandia za DHCP. Akawasha ip dhcp snooping, akaongeza ip dhcp snooping vlan 20, akaweka trust (alama ya kuiamini) kwenye poti inayokwenda kwenye ruta. Yote sawasawa, kwa kweli. Kompyuta zikarudi 169.254. Akazima snooping na kutangaza kwamba swichi ni mbovu. Swichi haikuwa na ubaya wowote. Ukiwasha snooping, swichi ya Cisco inapachika kitu kinachoitwa option 82, maelezo ya poti alikotokea, kwenye ombi la mteja. Ruta ikipokea ombi lenye option 82 huku giaddr bado ni 0.0.0.0, inalishuku na kulitupa. Andika no ip dhcp snooping information option kwenye swichi, maisha yanaendelea.

Nitende haki lakini. Vifaa vyao ni vya kweli, vya zamani lakini vya kushikika, na kebo za kutosha. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mtandao, ni ya bure na inatosha kwa sehemu kubwa ya mtihani, ila haikufundishi kutafuta waya uliolegea. Tena Jumamosi asubuhi maabara inashikwa na kijana mmoja ambaye, nasema bila kumpamba, anastahili mshahara wa yule wa jioni. Alichukua ruta kuukuu isiyo na betri ya saa, akaizima, akaiwasha, akatuonyesha inavyoamka ikiamini ni Machi 1, 1993. Akatuonyesha kinyota mbele ya muda kwenye logi: ruta inakiri kwamba saa yake haiaminiki. Kwenye show ntp status, ukiona stratum 16 ujue bado haijapata wa kumfuata.

Kisha akatoa mfano ambao sijausikia kwingine. Mlinzi anakwambia mtandao ulikatika saa mbili usiku. Wewe unafungua logi unatafuta 02:00, hakuna kitu. Saa mbili usiku ni 20:00, na kama hukuandika clock timezone EAT 3, ruta imeandika 17:00, kwa sababu inahesabu UTC na sisi tumeitangulia kwa saa tatu. Unaweza kupekua mpaka kesho. Na logging trap 4, amri ya kuchagua ujumbe upi wa logi utumwe kwenye seva, inatuma ngazi 0 hadi 4, haitumi 4 hadi 7. Namba ikiwa ndogo ndivyo janga lilivyo kubwa. Wa jioni alitufundisha kinyume, sisi tukaandika kinyume.

DNS walipita kama kifodi kisichoona trafiki: poti 53, rekodi za A na MX, basi. Hawakusema kwamba seva ya DNS ikifa, ping kwa namba inapita na ping kwa jina inagoma, na hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kutofautisha. NAT, ya kugeuza anwani za ndani ziwe za nje, ilifundishwa vizuri, pamoja na kile kineno overload (wengi kutumia anwani moja) ambacho ukikisahau, watu wachache wa mwanzo wanatoka nje na waliobaki wanabaki wanatazama.

Nilisema ushuke ngazi. Pengine nimezidisha. Kama wanakubali ulipie Jumamosi peke yake, lipa, tena wahi kiti cha mbele. Nilikuwa nataka kutoa nyota tatu kwa ajili ya yule kijana, ila kicheko kile bado kiko masikioni. Mbili. Madesa yao wanaendelea kuyauza pale mlangoni, na mara ya mwisho nilipoyafungua, helper-address ilikuwa bado iko G0/1.