Kichujio cha kijivu kinachofifia, kilivyofanya kazi chini ya anga ya Margate

Kichujio ninachokitathmini hapa ni bamba la kioo lenye upana wa milimita 100 na urefu wa milimita 150, ambalo ni la kijivu upande wa juu, na kijivu hicho hufifia polepole kufikia katikati, kiasi kwamba nusu ya chini hubaki wazi kabisa. Kazi yake ni kupunguza mwanga wa anga kabla haujaingia kwenye lenzi, ili anga na nchi zikae pamoja katika picha moja bila ya moja kuungua wala nyingine kuzama gizani. Kampuni nyingi hukitengeneza kwa vipimo hivyohivyo, na ninayoyasema yanahusu aina ya kichujio zaidi kuliko jina lililoandikwa kwenye kasha lake.

Nimekitumia kiangazi kizima na majira ya baridi yaliyofuata huko Margate, mji wa pwani ulioko Thanet, mashariki kabisa mwa jimbo la Kent, Uingereza. Mchoraji J. M. W. Turner, aliyesoma kwa muda katika mji huo utotoni na kuurudia mara nyingi ukubwani, husimuliwa kuwa alimwambia mhakiki wa sanaa John Ruskin kwamba anga za Thanet ni nzuri kuliko zote za Ulaya, na jumba la sanaa la Turner Contemporary, lililofunguliwa mwaka 2011, limesimama ufukweni pale ilipokuwa nyumba aliyokuwa akipanga. Ufuo mkuu unatazama kaskazini-magharibi, kwa hiyo mwezi Juni jua huzama baharini baada ya saa 3 usiku, ilhali Desemba huzama upande wa nchi kavu kabla ya saa 10 jioni. Kwa mtu aliyezoea machweo ya Zanzibar au Lamu, ambako jua hushuka karibu wima na giza huingia upesi, utusitusi wa kiangazi wa Margate ni neema kubwa. Hata hivyo, muda huo mrefu hautulii: wingu zito hupita, mwanga hupenya chini yake kwa dakika mbili au tatu, kisha kila kitu hugeuka kuwa rangi ya risasi.

Hapo ndipo kichujio kilipothibitisha thamani yake. Wapo wanaosema kwamba siku hizi hakihitajiki, kwa kuwa mpigapicha anaweza kupiga picha tatu zenye mwanga tofauti na kuziunganisha kwenye kompyuta. Ushauri huo unafaa mbele ya mlima usiotikisika. Margate, katika muda unaopita kati ya picha ya kwanza na ya tatu, wingu huwa limesogea, wimbi limevunjika na shakwe amevuka fremu, na mwunganiko wake huacha vivuli viwili vya kitu kimoja. Ukipiga picha moja tu kwa kuilinda anga, kisha ukaiongezea nchi mwanga baadaye kutoka kwenye faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaichakata, matokeo hukubalika mchana, lakini jioni chembechembe zinazoharibu picha hujaa kwenye kuta za gati na kwenye mchanga. Kwa kichujio nilipata picha moja iliyokamilika, na mara nyingi picha hiyo moja ndiyo pekee ambayo anga iliniruhusu.

Jambo ambalo sikulitarajia lilihusu nguvu ya kichujio. Nguvu hiyo hupimwa kwa stopu, na kila stopu moja hupunguza mwanga kwa nusu. Nilianza na kile cha stopu 3, kinachopitisha sehemu moja tu ya nane ya mwanga, kwa kuwa ndicho kinachosifiwa zaidi. Maji yanapokupwa Margate, ufuo hubaki tambarare, umelowa na kung'aa kama kioo, na anga yote huonekana tena chini. Kwa kawaida taswira iliyo majini huwa na giza kidogo kuliko anga yenyewe, lakini kichujio cha stopu 3 kiliugeuza mpangilio huo: anga ikawa nyeusi kuliko taswira yake, na jicho likatambua mara moja kwamba kuna uongo, hata kama mtazamaji asingeweza kueleza uko wapi. Cha stopu 2 kiliheshimu mpangilio huo, na tangu siku hiyo ndicho kinachokaa kwenye kishikizo kilicho mbele ya lenzi. Cha stopu 3 nakitumia maji yanapojaa na bahari kuwa ya kijivu isiyoakisi chochote.

Kuhusu ukingo, yaani pale kijivu kinapoishia, bahari tupu hutamanisha kununua kichujio chenye mpaka mkali, kwa sababu upeo wa macho ni mstari ulionyooka. Lakini ukisimama kwenye gati la mawe la Harbour Arm ukitazama ng'ambo ya ghuba, mstari huo hukatwa na jengo la Arlington House lenye ghorofa 18, na mpaka mkali hulifanya lionekane kama lililochovywa wino kuanzia kiunoni. Mpaka laini hupunguza kasoro hiyo bila kuiondoa kabisa. Niliposogea hadi jengo likawa dogo katika fremu, haikuonekana tena.

Matunzo yanadai subira. Upepo wa baharini hurusha matone ya chumvi, na bamba lililo mbele ya lenzi huyapokea yote. Kitambaa kikavu huiburuta chumvi hiyo na kuacha mikwaruzo, kwa hiyo nabeba chupa ndogo ya maji safi ya kusuuzia kwanza. Vilevile, mwanga unaotoka nyuma ya mpigapicha hupenya kati ya bamba na lenzi na kuacha alama hafifu kwenye picha, nami huuziba kwa kofia.

Kwa mwenye fedha za bamba moja tu, nashauri anunue la stopu 2 lenye mpaka laini, la kioo badala ya plastiki, kisha aangalie jedwali la maji na kufika saa moja kabla hayajakupwa kabisa, mchanga ukiwa bado umelowa.