Pikapu ya zamani ya kufufua Mombasa: ipi ununue, na ulipe ngapi

Bei ya pikapu kuukuu hapa pwani iko kwenye mabati yake. Muuzaji atakuwashia injini, akanyage mafuta, akuambie usikilize inavyonguruma. Msikilize kwa adabu, kisha ulale chini uangalie chasi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari. Injini ikifa, nyingine hupatikana; chasi iliyoliwa na chumvi ni balaa la kudumu. Ndiyo maana nimezipanga pikapu hizi kwa swali moja: fundi wa bodi wa Mombasa ataiokoa kwa gharama gani?

Kabla ya kuchagua aina, chagua lilikotoka gari. Pikapu iliyolala miaka chini ya mkwaju huko bara, Voi, Taveta au kwenye shamba la katani, naipenda kuliko ile inayong'aa rangi mpya Bamburi, karibu na bahari. Na iliyokuwa ikibeba samaki iogope. Barafu ikiyeyuka juu ya samaki inakuwa maji ya chumvi, yanapenya maungio ya sehemu ya mzigo, yanaingia ndani ya vyuma vya chasi vilivyo wazi katikati, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki kamwe. Iliyosomba mchanga wa ufuoni ni vivyo hivyo.

1. Peugeot 504

Hii ndiyo chaguo langu la kwanza, na nina sababu. Gari lake la saluni, la abiria, lilitoka mwaka 1968 na pikapu ikafuata 1979. Hapa kwetu ziliunganishwa Mombasa penyewe, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, kwa hivyo wapo mafundi wazee wa mji huu waliozishika zikiwa mpya. Fundi wa aina hiyo ana thamani kuliko katoni ya spea. Jina lake kwenye Safari Rally nalo halikuja bure: 504 ilishinda mwaka 1975 na tena 1978.

Injini zake za petroli zina slivu zinazochomoka, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Silinda zikiisha, unatoa slivu za zamani unaweka mpya, bloku haiendi kusagwa. Udhaifu uko kwenye silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ambayo ni ya alumini na ikichemshwa hupinda. Na hapa Mombasa adui wake ni maji ya kisima. Watu wengi hujaza rejeta kwa maji ya chumvi kwa sababu ndiyo yaliyopo uani. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Ukikuta magamba meupe shingoni na maji ya rangi ya matope, hesabu silinda hedi na slivu kwenye gharama zako hata kama gari linawaka kwa mpigo mmoja.

Sehemu ya mbele ya 504 haikai juu ya chasi iliyojitenga; mwili wenyewe ndio unaobeba. Kwa hiyo sakafu iliyooza chini ya pedali ni jambo kubwa. Inua zulia, bonyeza kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, ondoka, au punguza bei kwa ukali. Kagua pia chini ya milango na nyuma ya kabini.

2. Toyota Hilux ya miaka ya 1980

Kama unataka gari la kufufua na kulitumia kila siku kupeleka mzigo soko la Kongowea, chukua hii. Chasi yake imejitenga, kabini inainuliwa, sehemu ya mzigo inafunguliwa, kila kitu kinapigwa mswaki na rangi peke yake. Spea za dizeli zake ziko tele. Angalia chasi nyuma ya ekseli, hapo ndipo huanza kuoza. Zaidi ya hapo, hofu yangu kwa Hilux ni karatasi: nyingi zimebadilishwa injini, na namba iliyo kwenye injini hailingani na ya kitabu cha gari.

3. Land Rover Series III, hasa ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli

Ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na watu huinunua wakiamini haiozi kwa kuwa bodi ni alumini. Alumini kweli haishiki kutu nyekundu. Lakini chasi ni chuma, na ukuta unaotenga injini na abiria ni chuma pia. Alumini ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, inayoliwa ni alumini: rangi inavimba, ukiikwaruza unatoka unga mweupe. Tafuta unga huo kwenye riveti, pembe za milango na pale yanapofungwa mabawa, yaani mabati ya juu ya magurudumu.

Chasi igonge kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti butu. Injini yake ya lita 2.25 fundi yeyote mvumilivu ataielewa. Nimeiweka ya tatu kwa sababu kazi ya chasi ni ghali na ndefu, ingawa ikikamilika vizuri hupata mnunuzi upesi, hasa watu wa utalii.

4. Datsun 1200

Ndogo, nyepesi, injini ya cc 1171 isiyo na makuu. Bati lake ni jembamba na pembe za kabini huisha mapema. Nunua ikiwa nzima tu.

Land Cruiser za mfululizo wa 40 nimeziacha nje ya orodha kwa makusudi. Ni gari zuri mno, lakini wauzaji wameshajua wakusanyaji wa nje wanazitamani, na bei ya iliyooza imekuwa bei ya nzima.

Kupima thamani

Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ipitishe juu ya bodi: inapokataa kushika, chini yake kuna fila, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bati. Kwa Land Rover haitasaidia kwenye alumini, basi gonga kwa kifundo cha kidole usikilize.

Bei ianze mwisho, yaani gari likikamilika litauzwa ngapi, kisha urudi nyuma. Kwa tarakimu za mfano tu: 504 iliyokamilika iwe shilingi 600,000. Bodi na rangi 180,000, injini 90,000, breki na matairi 70,000, nyaya na viti 40,000. Jumla 380,000. Ongeza robo yake kwa yatakayojitokeza baada ya kung'oa sakafu, 95,000. Kilichobaki ni 125,000, na hapo ndipo mwisho wako. Muuzaji akishikilia 200,000 kwa sababu babake alilipenda gari, mheshimu mzee, lakini pesa zako zibaki mfukoni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ikiwa unalipenda kwa moyo wako na hutaliuza, unaweza kuvuka mpaka huo. Jua tu kwamba umeuvuka.

Karatasi

Usitoe hata amana kabla ya kutafuta rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Jina la mwenye gari lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Akiwa amefariki, warithi wawe na hati za mahakama. Namba ya chasi isome kwenye chuma wewe mwenyewe. Ikiwa imezungukwa na alama za kuchomelea, mazungumzo yameisha. Injini au rangi iliyobadilishwa lazima isajiliwe, na kazi hiyo aifanye muuzaji kabla ya kulipwa salio.

Likishakuwa lako, lioshe chini kwa maji ya mfereji, si ya kisima, likauke kabisa, ndipo umwite fundi wa kuchomelea.