TAHADHARI Arusha na Moshi: mlango "mpya" kwa saa mbili ni oili chafu

Wakazi wa Arusha na Moshi, kaeni macho na watu wanaopita nyumba kwa nyumba, au wanaojitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp, wakiahidi kurudishia milango ya ndani upya wake "leo leo". Wanakuja na dumu lisilo na lebo, tambara na kipande kimoja cha msasa. Saa mbili baadaye mlango unang'aa, hela inatumwa kwa simu, wanaondoka. Siku chache zikipita mlango unanata, shuka na nguo zinashika madoa ya kahawia, na ukipiga simu haipatikani.

Wanachofanya ni hiki: vanishi ya zamani hawaitoi. Wanapaka oili chafu ya gari iliyochanganywa na dizeli. Oili inafunika mikwaruzo na kuupa hata mlango wa saiprasi au paini wekundu wa mninga. Juu yake wanapitisha mkono mmoja (tabaka moja) wa vanishi iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Oili ya injini haikauki hata ukae mwaka, na vanishi haishiki juu ya mafuta, ndiyo maana inabanduka vipande vipande kama ganda la kitunguu. Mafuta ya taa nayo yanachelewa kuruka na yanaacha utelezi, kwa hiyo hata hiyo vanishi yenyewe inabaki laini.

Msichanganye jambo hili na uchanganyaji halali. Mkono wa kwanza wa vanishi ya mafuta huzimuliwa kwa tapentaini, kama asilimia 10 hadi 20, ili uzame kwenye mbao. Mikono inayofuata haihitaji kuzimuliwa kiasi hicho. Fundi wa kweli atakuambia anachanganya nini na kwa kiasi gani, na kopo atalifungulia mbele yako.

Kingine ni kiasi. Mlango wa mita 2 kwa sentimita 90, pande zote mbili pamoja na kingo, ni kama mita za mraba 4. Lita moja ya vanishi nzuri inapaka mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Mikono mitatu ni mita za mraba 12, yaani lita moja na kidogo. Anayekudai galoni ya lita 4 kwa mlango mmoja anajinunulia vanishi ya kazi nyingine kwa hela yako, au atakuletea kopo lililojazwa tena. Mnunue vifaa wenyewe, kopo liwe na nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na mfuniko usioguswa, na mdai risiti ya EFD.

Kazi halisi inakwenda hivi. Mlango unatolewa kwenye bawaba, kitasa kinafunguliwa, unalazwa. Dawa ya kutoa rangi inapakwa nzito, inaachwa dakika 15 hadi 30, inakwanguliwa, na mabaki yanafutwa kwa thina. Kisha msasa namba 80, 120, halafu 180, kwa kufuata uzi wa mbao. Akiruka kutoka 80 kwenda 240, mikwaruzo ya 80 haiondoki, na vanishi ikipita ndipo inaonekana vizuri zaidi. Akichomoa grainda, mzuie hapo hapo: inachimba mashimo ya duara, na kwa mlango wa plaiwudi ile ngozi ya juu haifiki hata milimita moja, ikitoboka hakuna dawa. Kama rangi ya zamani ni ya miaka mingi inaweza kuwa na madini ya risasi (lead). Vumbi lake ni sumu, watoto wakae mbali na fundi avae barakoa.

Kati ya mkono na mkono, vanishi ya mafuta inataka saa 12 hadi 24, halafu msasa wa 240 au 320 kwa wepesi na kufuta vumbi. Kwa baridi ya Juni na Julai, au unyevu wa masika, ongeza muda. Hesabu mwenyewe: kazi nzima inafika kama siku nne, na hakuna namna ya kuzifanya ziwe saa mbili. Sandingi sila (ya kuziba vitundu vya mbao kabla ya vanishi) na vanishi ya thina hukauka haraka, ni kweli, lakini zikipigwa juu ya vanishi ya mafuta iliyobaki, thina inailainisha na uso wote unakunjamana. Zikipigwa siku ya mvua zinatoka na ukungu mweupe.

Kabla ya mkono wa kwanza, simama hapo ufanye mambo mawili. Futa mbao kwa tishu nyeupe kavu: ikitoka kahawia yenye harufu ya gereji, kataa kazi. Kisha dondoshea tone la maji: likizama polepole mbao iko wazi, likisimama kama shanga kuna mafuta au vanishi ya zamani. Mwishoni pitisha kiganja kwenye kingo za juu na chini za mlango. Kingo hizo wengi hawazipaki kwa kuwa hazionekani, na ile ya chini ndiyo inayonyonya maji ya kudekia, mlango unavimba na kukwama sakafuni.

Hela ya vifaa usitume kwa mtu usiyejua anakoishi. Baki la ufundi lilipwe baada ya kubonyeza kucha saa 24 tangu mkono wa mwisho: alama ikibaki, haijakauka.

Kwa ambao tayari wamepakwa oili: msiongeze vanishi juu. Toeni yote, mfute kwa thina mkibadilisha tambara safi kila mara mpaka litoke jeupe, muuache mlango siku mbili, mrudie jaribio la tishu. Oili ikizidi kutoka kwenye nyufa za paneli, vanishi haitashika hapo. Tunzeni dumu, picha na ujumbe wa malipo, mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi. Kopo bandia lenye nembo ya kampuni lipelekwe TBS au Tume ya Ushindani (FCC).