Pampu ya petroli ya Club Car DS: uzoefu wangu

Nimeifunga pampu hii, si ya kiwandani bali ya watengenezaji wengine wa vipuri, kwenye kigari changu cha gofu, Club Car DS, chenye injini ya Kawasaki FE290, silinda moja, cc 286. Naipa nyota nne kati ya tano. Inavuta vizuri, lakini klempu za waya zilizokuja nayo hazibani. Zitupe, nunua za skrubu.

Kabla hujatoa hela, hakikisha ubovu uko kwenye pampu kweli. Kigari kikiwaka, kikaenda kidogo, kikakata nguvu mlimani na kuzima, kisha kikipumzika kinawaka tena, sababu zinaweza kuwa nyingi. Anza na jambo la bure: legeza kifuniko cha tangi uendeshe. Kikienda sawa, tundu la hewa la kifuniko limeziba, na kifuniko ndicho cha kubadilisha. Filta iliyojaa uchafu nayo hutoa dalili hizohizo. Vuta choki kidogo injini inapolegea. Ikipata nguvu, petroli haifiki ya kutosha. Lakini ukiona moshi mweusi na plagi imelowa, achana na pampu kabisa. Kagua filta ya hewa, na sindano ya boya kwenye kabureta, ile inayozuia petroli kabureta ikijaa.

Pampu hii haitumii umeme. Inachezeshwa na mipigo ya hewa ya ndani ya injini, pistoni inapopanda na kushuka, kupitia mpira wa tatu, mbali na ule wa petroli inayoingia na ule wa inayotoka. Mpira huo ukipasuka au ukilainika kwa uzee, hata pampu mpya haitasukuma kitu. Uchomoe upande wa pampu uutazame. Ukikuta petroli ndani, utando wa pampu umechanika na petroli imekuwa ikiingia kwenye oili. Nusa kijiti cha kupimia oili. Kikinuka petroli, badilisha oili kabla ya kuwasha tena, maana oili iliyopoteza uzito hula beringi.

Kupima mtiririko: inua magurudumu ya nyuma kwa jeki, zuia ya mbele kwa mawe. Waya wa plagi uchomoe, utie plagi ya akiba, uigusishe kwenye chuma cha injini mbali na petroli. Mpira unaokwenda kabureta uingize kwenye chupa inayoonyesha ndani, kanyaga pedali sekunde tano ili injini izunguke. Petroli itoke kwa mipigo yenye nguvu. Ikitoka na mapovu, kuna hewa inayovutwa kati ya tangi na pampu, na hapa wengi hudanganyika, kwa sababu ufa wa upande huo mara nyingi haudondoshi hata tone. Badilisha mpira wote, usikate kipande.

Wakati wa kufunga, fuata mshale wa kuingia na kutoka. Ukigeuza, vali za ndani zitazuia petroli. Mpira wa mipigo uwe mnene na mfupi, usikunjike.

Chupa ikijaa vizuri na kigari bado kinakata nguvu, usinunue pampu. Fungua kikopo cha kabureta: petroli iliyokaa miezi mingi huacha utandu wa kunata unaoziba jeti, yaani kitundu kinachopitisha petroli. Safisha kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa. Usichokoe kwa waya, utapanua tundu na injini itaanza kunywa petroli kupita kiasi.